Mahindi Juu ya Piste

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio, nikakasirika. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nikadhani uwanja wa ndege utanipa meza na kiti. Komanda wa uwanja, mtu mfupi aliyevaa abakosti, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi, alinipeleka mpaka mwanzo wa piste, yaani ile njia ya lami ambapo ndege hutua na kuruka. Akaniagiza niitembee yote kwa miguu nikiokota kila jiwe. Jiwe dogo kama karanga, alisema, likirushwa na pangaboi linaweza kuangusha ndege.

"Zamani hapa palikuwa pa basoda," akaniambia. "Sasa ni pa bantu bote. Kazi yako njo kupachunga."

Uwanja huo ulikuwa nje ya Kolwezi, upande wa njia ya Kasaji. Hao basoda, yaani wanajeshi, walipohama walituachia piste ngumu, mnara wa mbao na maghala mawili ya mabati. Ghala la risasi tukaligeuza chumba cha kungojea abiria. Mama mmoja aliuza chai pale walipokuwa wakipanga masanduku ya baruti.

Aliyenifundisha kazi kwa kweli alikuwa Tata Mbuyi (tata ni baba, jina la heshima), Mukasai, yaani mtu wa Kasai, ambaye baba yake aliletwa Kolwezi kuchimba shaba. Yeye alishika foni, ile redio ya kuzungumza na marubani. Alinifundisha kusoma mfuko wa upepo, kuziba nyufa kwa lami ya moto, na kulinda mabega ya piste. Mabega ni ardhi tupu ya pembeni, ambapo ndege ikiteleza inapata pa kusimama. Kila Alhamisi ilikuja ndege ya daktari, ikachukua dawa za Kasaji na Dilolo, na jioni ikarudi na wagonjwa. Tulijisikia watu wenye maana.

Kisha Komanda akahamishwa, akaja Direkta.

Huyu hakuwahi kuitembea piste hata mara moja. Alileta trakta akalima mabega yote mawili, akapanda mahindi. Nilipomwandikia ripoti alijibu kwamba nchi inataka kila citoyen, yaani kila raia, alime. Mahindi yalipokomaa akayaanika juu ya lami, kwa sababu lami inashika jua vizuri, na malori yake mawili yakawa yanalala katikati ya piste. Kila Alhamisi asubuhi tulifagia mahindi na kuyaondoa malori, na ndege ikiondoka tuliyarudisha yote. Ripoti ya pili na ya tatu hazikujibiwa.

Halafu Jumatatu moja Tata Mbuyi akaanguka kwenye foni, ameshika tumbo. Utumbo ulikuwa umejisokota, na Kolwezi siku ile hapakuwa na daktari wa kupasua. Mimi mwenyewe niliita Lubumbashi kwa foni, nao wakakubali kuleta ndege saa saba mchana. Nilikimbia ofisini kwa Direkta. Alinisikiliza akiwa anakula.

"Bape nusu ya piste," alisema. "Rubani muzuri nusu inamutosha."

Nikamweleza kwamba haitoshi. Nikamwomba funguo za malori. Akasema madereva wamezibeba, wamekwenda mjini, watarudi. Nikamwomba ruhusa ya kuvunja vioo, tulegeze breki, tuyasukume. Akasema malori ni mapya, ningoje.

Nikangoja. Mimi na wanawake waliokuwa wakipukuchua mahindi tulifagia mpaka mikono ikatoka malengelenge, lakini malori hatukuyagusa. Ndege ikaja. Ikazunguka mara mbili juu yetu, chini kabisa, nikaona kofia ya rubani. Kwenye foni akasema kwa upole kwamba hawezi, na mafuta yanampungukia. Akarudi zake. Tata Mbuyi tulimpakia katika gari la shirika la migodi kwenda Lubumbashi kwa barabara. Alikufa kabla ya kufika Likasi, kichwa chake kwenye mapaja ya mke wake.

Kesho yake Direkta aliniletea karatasi iliyokwisha andikwa. Ilisema ndege ilishindwa kutua kwa sababu ya ukungu. Ukungu, saa saba mchana, wakati wa kiangazi. Alitaka sahihi yangu kama mkaguzi wa piste.

"Sitii sahihi, citoyen Direkta," nilimwambia. "Ukungu ulikuwa na magurudumu."

Alinihamisha Dilolo juma lile lile. Huko nilifagia uwanja mwingine, mbele ya mpaka wa Angola, mpaka nikapewa barua ya kustaafu. Yeye alipandishwa cheo.

Nyinyi vijana mnaosoma haya mnajua pale sasa ni nyumba, na lami imebanduliwa vipande kwa vipande kujengea misingi. Wanangu wananiambia niache hasira, yule mtu naye amekwisha kufa. Siachi. Lakini siyo yeye peke yake ninayemkasirikia.

Nilipostaafu nilikwenda kwa mke wa Tata Mbuyi, Mama Ngalula. Nilimsimulia yote, na nilivyokataa kutia sahihi. Nadhani nilitaka anisifu. Alisikiliza mpaka mwisho, akainua macho.

"Tata, mulikuwa bantu ngapi pale?"

Nikamjibu tulikuwa kumi na wanne.

"Na malori ilikuwa mbili," akasema. "Mulingojea ruhusa ya nini?"