Kabati Lisilo na Mgongo

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Karakana alinisimamisha mbele ya kabati la nguo lililotoka kuunganishwa, akaniambia nilisukume kwa kiganja. Nikasukuma. Likayumba kama ndama aliyezaliwa asubuhi hiyo.

"Linayumba," nikamwambia.

"Yote yanayumba, Mama Kamau. Piga muhuri twende."

Mimi ndimi niliyekuwa mkaguzi. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa ukaguzi pale Kitale, na hasira iliyonipanda siku ile haijanitoka hadi leo.

Ninyi vijana mnazijua fanicha hizi za kujiunganishia. Mteja hununua mbao zilizokatwa tayari, zikiwa zimelazwa ndani ya sanduku bapa, akaenda kuzifunga nyumbani kwa skrubu. Akipata uwezo, anaongeza sehemu nyingine ubavuni. Wazo lenyewe ni zuri na silikashifu; sanduku kama hilo hubebwa hata na bodaboda mpaka Endebess. Ubaya ulikuwa ndani yake. Mbao zetu zilikuwa chipbodi, yaani chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Ukifungua skrubu na kuirudisha, tundu limeshapanuka, haishiki tena. Ukingo ukiguswa na maji, unafura kama andazi. Na mgongo, lile bamba la nyuma linaloshikilia kabati lisiende upande, ulikuwa kama karatasi ngumu tu, umepigiliwa kwa vimisumari. Makabati yaliyovunjika na kurudishwa tuliyachoma nyuma ya karakana. Moshi wa gundi ulitutoa machozi, na akina mama majirani walianua nguo zao wakitutukana. Walikuwa na haki ya kututukana.

Nilisema sana, mpaka wakanihamishia duka la Bungoma kupokea malalamiko. Waliona wameniadhibu.

Huko ndiko habari ya Mama Nafula ilikonikuta. Alikuwa mwalimu mjane wa Myanga. Kabati letu lilimwangukia mguuni alipofungua milango yote miwili kutoa nguo za kanisani. Mkurugenzi wa kampuni alinipigia simu kutoka Kitale.

"Nenda umwambie hakufuata maagizo ya kufunga."

Nilimkuta ameketi, mguu umefungwa plasta na kuinuliwa juu ya kigoda.

"Umetumwa kuniambia ni makosa yangu, si ndiyo?" akaniuliza.

"Nani alilifunga, Mwalimu?"

"Ni fundi wenu. Alikuja na drili yake, nikampikia chai."

Nililichunguza kabati. Kila skrubu ilikuwa mahali pake. Fundi alifuata maagizo yote. Maagizo yenyewe ndiyo yaliyokuwa mabovu. Nikamwambia hivyo waziwazi, nikamwomba msamaha ambao sikutumwa kuupeleka.

Niliporudi dukani nilimwita Wafula, fundi wetu wa Bungoma, nikamweleza.

"Ni kweri, Madam," akasema. Wafula akikasirika, r na l zilibadilishana viti. "Hii kitu haina mgongo. Si tuipatie?"

Tukaipatia. Hatukukata mti hata mmoja. Tulichukua mabaki ya saiprasi yaliyokuwa yakitupwa kwenye mashine za kupasua mbao, tukayapiga randa yakawa mataruma, yaani mbao nyembamba za kukingama nyuma, juu na chini. Taruma la juu lilifungwa ukutani kwa skrubu. Bamba la nyuma tulilitelezesha ndani ya mfereji uliochongwa kwenye mbao za kando, badala ya vile vimisumari. Pembeni tukatia vigingi vya mti mkavu bila gundi, ili kipande kikivunjika kibadilishwe chenyewe, kabati lisichomwe zima. Kingo tukazipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa kwa mafuta. Na bado lote liliingia katika sanduku bapa lilelile.

Mkurugenzi alikuja, akaning'inia mlangoni mwa kabati kama mtoto kwenye geti. Halikutikisika. Akacheka, akatusifu, akaagiza yatengenezwe. Nilifurahi, siwafichi.

Kisha masanduku yakaja kutoka Kitale yamebandikwa jani la kijani, na maneno kwamba fanicha hii ni imara na inatunza mazingira. Nikafungua machache. Baadhi yalikuwa na mataruma yetu. Mengi yalikuwa chipbodi ileile na mgongo uleule wa karatasi.

"Wateja wanapenda jani," Mkurugenzi akanijibu. "Mgongo nani anautazama, bana?"

Nilikataa kuyapokea. Wakayapokea wengine.

Siku ya kuniaga, nilipostaafu, duka lilijaa wateja. Palikuwa na keki na soda, na Mkurugenzi akataka nipigwe picha kando ya sanduku lenye jani, nikitabasamu.

"Lifungueni kwanza," nikasema, kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Tuuone mgongo wake."

Hakuna mfanyakazi aliyesogea. Mzee mmoja wa Kibabii, ambaye tayari alikuwa amelilipia sanduku hilo kwa ajili ya mwanawe aliyekuwa akioa, akachukua kisu cha keki na kukata utepe wa sanduku. Akavuta lile bamba la nyuma, akalikunja kwa mikono miwili. Likakunjika.

Mkurugenzi akaniinamia sikioni. "Mama, si ungeondoka tu kwa amani?"

"Nitaondoka," nikamwambia. "Lakini huyu baba mrudishie pesa zake kwanza, nikiwa bado hapa."

Nikavuta kiti, nikakaa, nikasubiri.