Tezi ya Namalwa na Wasiwasi Wake

Nimeishi na Namalwa chumba kimoja tangu tulipoingia chuo kikuu hapa Kakamega, na bila kumsingizia naweza kusema sijaona mtu mwenye kipaji cha kuwa na wasiwasi kama yeye. Mvua isiponyesha, anahofia miwa ya kwao Shianda. Ikinyesha, anahofia nguo alizoanika, hata kama hajafua. Mwalimu akimpa alama nzuri, anashuku karatasi zimechanganywa.

Kwa hiyo mwaka wa pili, mikono yake ilipoanza kutetemeka, hakuna aliyeshtuka. Tulisema Namalwa ameongeza bidii tu. Chai ilimfika kinywani nusu yake ikiwa kwenye blauzi. Mwezi wa saba, baridi ikiwa kali, yeye alilala dirisha wazi.

"Jepkosgei, kwani wewe husikii joto?" akaniuliza, mimi nikiwa ndani ya blanketi mbili na soksi.

Lakini la ajabu zaidi lilikuwa kula. Namalwa alimaliza ugali wake, akasaidia wangu, kisha akauliza kama kuna ndizi. Na bado sketi zilimteremka kiunoni. Wasichana wa ghorofa yetu walikata shauri kwamba amependa mtu. Huyo mpenzi hakuwepo, ila kabla muhula haujaisha walikuwa wameshampa jina na kozi anayosomea.

Aliyetuzindua ni mama yake, Mama Mildred, ambaye huuza nguo za mitumba soko la Shianda. Alikuja kututembelea na ingokho mzima, kuku wa kienyeji aliyepikwa akalainika, pamoja na obusuma, ugali wa kwao, uliofungwa vizuri kwenye majani ya mgomba. Akaketi kitandani, akamtazama bintiye akila mpaka mifupa.

"Mwana wanje, mwanangu, hii chakula yote inaendanga wapi?"

"Ni mawazo ya mitihani, Mama."

"Mitihani inakulanga kuku?" Mama Mildred akainama, akamshika kidevu. "Na hii shingo? Hebu geuka. Umeficha yai hapa?"

Sisi tuliokaa naye kila siku hatukuwa tumeona. Shingo ilikuwa imevimba mbele, taratibu, kama yanavyovimba mandazi usipoyatazama. Mama Mildred hakurudi Shianda siku hiyo. Alilala kitandani mwangu, mimi nikalala chini, na asubuhi tukaenda hospitali sote watatu.

Walimpima mapigo ya moyo, wakamtoa damu. Majibu yalipokuja, daktari, mama mmoja mpole, alitueleza kwamba ile tezi ya shingoni, wanayoiita thairoidi, ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi. Ndiyo maana moyo unakimbia, joto linapanda, mwili unakonda na mikono haitulii.

"Na wasiwasi pia?" Namalwa akauliza.

"Wasiwasi pia, kwa sehemu."

Ni mtu mmoja tu nimewahi kumwona akipiga makofi kwa kuambiwa ni mgonjwa. Neno "kwa sehemu" halikumfika kabisa. Alitoka pale na vidonge vyake akitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Kuanzia siku hiyo tezi ilibeba lawama zote. Akichelewa darasani, ni tezi. Sufuria zisipooshwa, ni tezi. Na zamu yake ilipofika ya kufundisha somo mbele ya wenzetu, kama tunavyotakiwa kufanya sisi tunaosomea ualimu, alimwendea mhadhiri wetu, Daktari Sifuna, akamweleza habari za tezi mpaka mzee wa watu akamwonea huruma na kumwahirishia. Zamu ilipofika tena, tezi ikaenda tena kuomba ruhusa.

Wakati huohuo dawa zilikuwa zinafanya kazi yake. Chai ilianza kufika yote kinywani. Sketi zilikaa. Dirisha likafungwa, nami nikamshukuru Mungu. Tuliporudi kliniki, daktari akatazama majibu ya damu akatabasamu.

"Uko sawa kabisa. Endelea na dawa, usiache hata ukijisikia vizuri."

Namalwa akapokea habari hizo kama za msiba. Tulipofika nje akasimama.

"Jepkosgei, sasa nitamwambia nini Sifuna?"

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Nilipoinua macho, yeye alikuwa amekaa kwenye benchi, analia.

"Nilidhani tezi ikitulia, nami nitatulia," akasema. "Lakini bado naogopa. Kumbe ilikuwa mimi."

Hapo utani uliniishia. Nikamshika mkono tukaenda kwa Bwana Makhanu, mshauri wa wanafunzi. Makhanu huongea polepole hivi kwamba unatamani kummalizia sentensi.

"Unaogopa nini hasa?" akamuuliza.

"Nitasahau. Nitatetemeka. Watanicheka."

"Ukisahau, utafanyaje?"

"Nitaangalia maandalio yangu."

"Ukitetemeka?"

"Si nitatetemeka tu."

"Na wakicheka?"

Namalwa akafikiri. "Watacheka... halafu watanyamaza."

"Ehe," akasema Makhanu. Kisha akamfundisha kuvuta pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi. Akamwambia kila anapoahirisha, hofu inanenepa. Afanye, hata kama anatetemeka, na awaambie watu mapema.

Siku ya somo nilikaa mbele. Namalwa alisimama, uso umemkauka.

"Mikono yangu itatetemeka," akasema. "Si kosa lenu, na safari hii si kosa la tezi. Somo letu ni ngeli."

Akageukia ubao. Chaki ikavunjika. Akaokota nyingine, nayo ikavunjika.

"Mwarimu, hurumia chaki!" akapiga kelele mwenzetu Were kutoka nyuma, darasa zima likaangua kicheko.

Namalwa akatulia. Nikamwona akivuta pumzi, akiitoa. Kisha akageuka.

"Were, chaki iko katika ngeli gani?"

Were akainuka, akajikuna. "Ya... vitu vidogo vidogo?"

Sasa kicheko kikamgeukia Were, na yeye mwenyewe akacheka. Namalwa akaandika ubaoni: chaki imevunjika, chaki zimevunjika. Maandishi yalipinda, lakini kila mtu aliielewa ngeli ya I-ZI siku hiyo. Alisahau sehemu nzima ya mwisho wa somo. Daktari Sifuna akamwambia anakimbia mno na mwandiko wake unahitaji miwani, kisha akampa alama ya kupita.

Sisemi amepona wasiwasi. Dawa anakunywa kila asubuhi, kliniki anakwenda, na kwa Makhanu bado anapita. Muhula ujao anakwenda kufundisha kwa majaribio shule moja ya Butere, na tayari ameshahofia choo, madirisha na mwalimu mkuu. Juzi ilibidi amwombe mwalimu mkuu huyo ruhusa ya siku za kliniki. Zamani simu za namna hiyo nilipiga mimi kwa niaba yake. Safari hii alitoka nje na simu yake, akazunguka kamba ya nguo mara kadhaa, akapiga mwenyewe.