Maji ya Moto

Mimi na joto tunaelewana. Kiwanda chetu cha Nyakato kilipobinafsishwa na wengi wetu tukapunguzwa, wenzangu walilia. Mimi nilinunua vifaranga mia moja wa siku moja, nikawaweka chumba cha uani nyumbani Kiseke. Majirani waliapa kwamba vifaranga hao hawatamaliza wiki. Walikosea, na niliwaambia hivyo.

Siri ilikuwa kuwatazama tu. Kifaranga hajui kujipasha joto mwenyewe. Wakirundikana kwenye jiko la mkaa, wanaona baridi, na wa chini watakufa kwa kubanwa. Wakikimbilia ukutani midomo wazi, joto limewazidi. Wakitawanyika na kulala kila mmoja alipo, usiguse kitu. Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Kisesa kunisaidia, aliyajua hayo kabla yangu. Mume wangu alizaliwa njiti, na mama yake alimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, mpaka akanenepa.

"Kiumbe ni joto, mwanangu," alizoea kusema. "Ukiona kimepoa, kimekwisha."

Kisha kideri kikaingia mtaani. Kuku wa jirani walianza kupinda shingo na kufa. Nikateremka hadi kwa bwana mifugo, karibu na mwalo wanakoshushia samaki, akanipa kichupa cha chanjo. Tulikitia ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu ya wauza samaki. Akanionya kwamba chanjo ile ni kitu hai, na joto huiua.

Kesho yake nilikuwa na msiba wa kwenda. Nikamwagiza mama mkwe, haraka haraka, mguu mmoja nje: "Mama, adhuhuri uwachanganyie hiyo dawa kwenye maji ya kunywa. Usichukue ya baridi kwenye friji, watapata ubaridi. Wape ya moto."

Mimi nilikuwa nauza soda pale nyumbani. Kwetu wauza soda, "ya moto" ni ile ambayo haijaingia kwenye friji, basi. Tangu nianze biashara hiyo sijawahi kumchemshia mteja soda. Lakini mama mkwe hakuwa mtu wa soda.

Niliporudi alasiri alinipokea kwa fahari. "Nimeyachemsha, nikayaacha kidogo wasiungue midomo. Dawa imeyeyuka vizuri kabisa."

"Mama, umeiua!"

Nilipiga kelele. Kwa mama mkwe, mtu ninayempa shikamoo kila asubuhi.

"Nimeua nini?"

"Dawa! Ni kitu hai, joto linaiua!"

Aliangalia jiko, akaangalia vifaranga waliokuwa wamelala wakiwa wameshiba joto lake. "Kuna kitu hai kinachouawa na joto?" aliuliza, taratibu, kisha akaenda kufunga nguo zake kwenye kitenge ili arudi Kisesa.

Niliona aibu hadi masikioni. Kosa lilikuwa la mdomo wangu, na mdomo wangu huohuo ndio uliomgombeza. Kulipopambazuka nilipiga magoti mlangoni kwake, nikamwamkia, nikamwomba radhi. Halafu nikamwomba twende wote kwa bwana mifugo tukachukue chanjo nyingine. Akafungua kitenge chake.

Tulirudi kwa miguu na jua limeshakuwa kali. Yeye ndiye aliyebeba chupa ya chai. Mwanzoni aliikumbatia kifuani, kama anavyobeba kila kitu anachokithamini. Baada ya hatua chache akasimama, akaitoa kifuani, akainyoosha mbele yake kwa mikono yote miwili. Akapanda mlima wote hivyo. Nilitaka kumpokea, akakataa.

"Huyu naye ni kiumbe," alisema. "Joto langu lisije likamuua."

Kideri kilimaliza kuku wa mtaa mzima. Wa kwetu hakufa hata mmoja.