Mara ya Nne

Nyumba yangu ya Bellevue, hapa Johannesburg, niliiongoza kama abasia, nyumba ya wamonaki, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Ni nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba saba kwa mbao nyembamba, na mkataba uko kwa jina langu, kwa hiyo aliyeishi humo aliishi kwa masharti yangu. Chakula cha jioni tunakula meza moja. Hakuna kupeleka sahani chumbani. Simu zinazimwa. Na Jumamosi mchana kila mtu anasema mbele ya wenzake alichokosa wiki ile: aliyeacha jiko chafu, aliyemjibu mwenzake ovyo. Mwanzoni walinicheka. Mama mmoja wa Lubumbashi, msusi, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, alinibandika jina la monsenyeri na ananiita hivyo hadi leo. Lakini walikaa, maana kwangu hakuibiwa mtu wala hakupigwa mtu, na majirani wa Yeoville nzima wanalijua hilo.

Mambo haya sikuyatunga mimi. Kabla ya kuwa fundi cherehani nilikuwa mnovisi, mwanafunzi wa utawa, kwa miaka miwili, katika monasteri moja ya milimani kwetu Kivu. Huko wamonaki wanakula kimya, na mmoja wao anasimama pembeni akiwasomea kitabu. Mwaka wangu wa pili tulisomewa maisha ya abate mmoja, mkuu wa monasteri huko Ulaya, wa miaka kama mia sita nyuma, wakati wa tauni na vita visivyokwisha. Abate yule aliikuta nyumba yake imeoza. Kila mmonaki ana chumba chake, ufunguo wake, divai yake ya kunywa peke yake. Kengele ya sala ikilia wanafika wanne. Akakusanya funguo zote kwenye beseni, akaenda kuzitupa mtoni. Akawarudisha wote kwenye meza moja. Walimnunia, wakamsema, wakamwandikia askofu, na yeye wala. Mimi nilikuwa kijana, nchi yangu imevurugika, kila mwenye bunduki ni serikali. Nilimpenda abate yule kuliko nilivyompenda baba yangu mzazi, huo ndio ukweli.

Sehemu iliyoniingia zaidi ni ya ndugu mtoro. Kanuni yao inasema mmonaki akitoroka kisha akarudi, apokewe, ila akae mahali pa mwisho kabisa. Akitoroka tena, apokewe tena, hadi mara tatu. Baada ya hapo, basi. Sasa mmoja alikuwa amezimaliza mara zake tatu, na mara ya nne akaja kusimama langoni kwenye baridi kali, na abate akamwambia bawabu asifungue. Msomaji alipofika hapo, mkuu wetu akagonga meza. Chakula kimekwisha, tukanyanyuka.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu yangu ya jikoni. Wenye zamu wanakula baadaye, peke yao, na kule jikoni husikii neno, unasikia masufuria tu. Niliporudi mezani abate alikuwa ameshazeeka, yuko kitandani anakaribia kufa. Sikumuuliza mtu nimepitwa na nini. Kwangu mimi habari ya mtoro ilikuwa imeishia langoni.

Vita vikatutawanya. Nikafika Johannesburg, nikapata cherehani, nikapata nyumba, na baada ya miaka mdogo wangu akanifuata. Huyu ndiye kitinda mimba wa mama yetu, mcheshi, mikono mitupu, akiingia mahali watu wanasogea wampe nafasi. Mara ya kwanza aliondoka bila kuaga, akaenda Durban na marafiki. Mara ya pili alimfuata msichana Hillbrow. Mara ya tatu tuligombana mezani, akabeba sahani yake mbele ya watu wote akaenda kulia chumbani, na kesho yake hayupo. Kila aliporudi alisimama mlangoni na kabla hata ya salamu anasema, "Yaya, mama amesema unipokee." Kwetu Kivu yaya ni mkubwa wako. Na kweli, kesho yake mama alinipigia simu kutoka Kivu kunisihi kwa ajili yake. Nikampokea mara zote tatu. Nilimweka mwisho wa benchi, karibu na mlango. Mara ya tatu nilimwambia watu wakisikia: ya nne usije. Akaondoka tena ndani ya mwezi.

Alikuja mwezi wa saba, Jumamosi, tukiwa mezani tunasema makosa yetu. Wiki hiyo simu yangu ilikuwa imenyakuliwa mkononi nikisubiri robot, taa za barabarani, nivuke, na nilikuwa bado sijarudisha laini. Nilikuwa na hasira na mji mzima. Nikafungua mlango kidogo. Alikuwa amevaa koti si lake, midomo imekauka kwa baridi.

"Yaya," akasema, "ni mama..."

"Mama mwache huko aliko," nikamkata. "Mama hakai nyumba hii."

Nikafunga, nikasukuma na komeo. Akagonga. Akagonga tena. Msusi akainuka nusu, nikamwambia akae.

"Monsenyeri, yule mtoto analia."

"Amezoea kulia."

Kugonga kukaisha. Nikamwambia aliyefuata aseme kosa lake. Sitaficha: nilijisikia vizuri. Mgongo wangu ulikuwa umenyooka, na nilikula kwa hamu jioni ile.

Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya misa yetu ya Kiswahili, nikakutana na mmonaki mmoja mzee. Alikuwa amekuja kutibiwa macho. Nilimtambua kwa sauti: ndiye aliyekuwa akitusomea mwaka ule. Tukakaa ukumbini na chai, nikamweleza jinsi usomaji wake ulivyonisaidia kusimama katika mji huu ambao ukilegea wanakumeza. Nikamweleza habari za mdogo wangu na mara zake nne. Nilingoja anisifu, eish, kama mtoto aliyeleta matokeo ya mtihani.

Akaweka kikombe chini.

"Wiki iliyofuata ulikuwa wapi, mwanangu?"

"Jikoni, padre."

Akanisimulia nilichokosa. Abate hakulala. Alfajiri alikwenda langoni mwenyewe, peku, akakuta theluji na hakuna mtu. Wakamtafuta yule ndugu siku tatu wasimwone. Abate akavua pete yake ya uabate, akaomba waichukue wamchague mwingine. Wakakataa. Basi akaongoza miaka yote iliyobaki, lakini hakukaa tena kiti cha mbele. Alikula chakula chake mahali pa mwisho, na lango halikutiwa komeo tena mpaka alipokufa.

"Kitabu kile tulikisoma kwa ajili ya ukurasa huo," mzee akasema. "Mengine yote ni habari za funguo."

Nilimkasirikia. Nilitembea hadi Hillbrow kwa miguu nikigombana naye kichwani, mbona hakunifuata jikoni kuniambia, mbona mkuu aligonga meza pale pale. Nilipofika kwenye jengo ambalo msusi aliwahi kunitajia kuwa mdogo wangu analala, hasira ilikuwa imegeuka woga. Lifti imekufa. Nilipanda ngazi ghorofa tisa nikifanya mazoezi ya maneno: nimekuja kukuchukua, nilikosa, turudi nyumbani.

Alifungua mwenyewe. Alikuwa amenyoa kichwa chote. Nyuma yake chumba kimetolewa vitu, watu wameketi kwenye magodoro, wanazungumza kwa sauti ya chini. Nikayasema maneno yangu yote kama nilivyoyapanga.

"Kumbe hujui," akasema.

Mama yetu alikuwa amefariki Ijumaa ile, siku moja kabla ya yeye kunigongea. Nyumbani walinipigia usiku kucha hawakunipata, wakampata yeye. Wamemzika Jumanne.

"Waliuliza mkubwa yuko wapi, mbona haongei," akasema. "Niliwaambia uko hapa pembeni yangu, unalia, huwezi kushika simu."

Hakusema kwa kunisuta. Alisema kama mtu anayekupa taarifa ili usije ukachanganya ukiulizwa. Kisha akasogea nipite. Nikavua viatu, nikatafuta nafasi kwenye godoro, nikakaa kati ya watu nisiowajua. Mwanamke mmoja aliyekuwa akigawa chai akanipa kikombe, akanipa na pole, akaniuliza mimi na marehemu tulijuana vipi.