Kushika Bati

Jana mjukuu wangu Mwende alirudi nyumbani amenuna. Shule imempeleka kwa watu wanaounda setilaiti, akajifunze kazi.

"Shosho, siku nzima ni kushikia fundi tochi tu. Kesho siendi."

Nikamkumbuka baba. Alikuwa fundi wa masanduku ya bati pale Shauri Moyo. Alasiri moja aliniita nimshikie bati akiligonga. Palinuka rangi na mkaa, na kila nyundo ilipotua mikono yangu ilikufa ganzi hadi kwenye viwiko. Nje kaka zangu walikuwa wakipiga kelele za mpira. Nilidhani naadhibiwa, nikawa najiuliza nimekosa nini.

"Baba, nimechoka. Naomba nikacheze."

Alinitazama kidogo. "Haya, nenda."

Hakuniita tena. Alimwita kaka yangu mdogo, ambaye mpaka leo anakula kwa nyundo ile. Mimi nimewafulia watu nguo hadi mgongo umekataa. Sasa najua baba alikuwa ameanza kunifundisha.

Sikumweleza Mwende yote hayo. Nimechoka kueleza.

"Kesho utaenda," nilimwambia. "Shika hiyo tochi, na uangalie inamulika nini."