Tulivyokuwa Lamu Tukiwa Satellite

Kuna watu huku mtaani kwetu Satellite ambao hadi leo wakinipata kwa kibanda cha mboga huniuliza, "Mama Shiru, maji ya bahari bado ni moto?" halafu wanashikana mabega wakicheka, na mimi nacheka nao kwa sababu nitafanya nini, aibu yenyewe niliipika kwa mikono yangu na mdomo wangu, hasa mdomo. Sasa wacha niwaambie mimi mwenyewe kabla hamjaisikia kwa keateka wetu, mtunzaji wa hii ploti ya nyumba za kupanga, maana hadithi ya keateka ina bastola ndani, na hakukuwa na bastola yoyote.

Tulikuwa twende Lamu. Mimi, Baba Shiru, Shiru mwenyewe ambaye ana miaka kumi na miwili na ulimi wa shangazi mzee, na Tevin kitinda mimba. Hakuna mtu kwetu aliyekuwa ameingia baharini (Baba Shiru aliwahi kuiona akiwa kazini, lakini kutoka kwa dirisha la lori, na hiyo si kuona), kwa hivyo nilitangaza. Nilitangaza kazini, nikatangaza saluni, nikatangaza kwa kikundi cha akina mama wa kanisa mpaka wakaja kutuombea, wakawekelea sanduku mikono kama mgonjwa. Jirani yangu Mama Njeri, mama mjane ambaye mlango wake unaangaliana na wangu na ambaye amenilelea hawa watoto nusu kwa nusu, akasimama katikati ya maombi akasema nyumba niachie yeye, hata panya hataingia.

Ijumaa mchana tukaondoka tukipungiwa mikono. Tulifika uwanja wa ndege mapema, tena mapema sana, kwa sababu yule dada aliyetuuzia tiketi alinipigia akaniambia ndege ni saa moja. Saa moja. Mimi kichwani nikaweka jioni, maana ni nani huyo anaamka na giza kwenda kustarehe? Tiketi zilikuwa kwa simu yangu siku hizo zote na sikuwahi kuzifungua. Kijana wa kaunta akaziangalia, akaniangalia, akasema kwa upole, "Mama, hii ndege ilienda asubuhi. Saa hizi wenzenu wameshakula samaki." Akatutafutia nafasi nyingine, na iliyokuwa karibu ilikuwa ya Jumapili.

Hapo ndipo nilifanya ule uamuzi mdogo.

Baba Shiru, ambaye ni mtu wa Kakamega na mambo yake huwa hayana kona, alisema, "Turudi nyumbani tuwaambie tumeachwa. Kuachwa si dhambi." Nikamwambia wewe huwajui wale wanawake. Nikawaza vile wataulizana kwa sauti ya kunihurumia kama kweli kulikuwa na tiketi. Nikasema turudi kimyakimya, tukae ndani Jumamosi moja tu, Jumapili alfajiri tutoke, nani atajua? Shiru akasema, "Kwa hivyo tunaenda kujificha kwetu?" Nikamwambia anyamaze.

Na kweli Mungu alikuwa kama anatusaidia, maana tulipofika mvua ilikuwa inamwagika, keateka amejibanza dukani, hakuna mtu kwa ngazi. Tukaingia tukinyata na masanduku yetu. Mnajua hii milango yetu ya chuma ina katundu ka kupitisha mkono? Baba Shiru akapitisha mkono akafunga kufuli upande wa nje, ndio anayepita aone nyumba imefungwa. Nilijiona mjanja.

Sasa hiyo Jumamosi. Siku ya kwanza ya likizo yetu. Mapazia yamefungwa, televisheni hakuna, kupika hakuna kwa sababu harufu ya kitunguu haina adabu, choo tunamwaga maji kidogo kidogo na kikombe. Nilikuwa natembea kutoka dirishani hadi jikoni, kutoka jikoni hadi dirishani, nikichungulia, nikirudi, nikikaa, nikisimama. Kila hatua kwa ngazi najibanza ukutani. Nje watu wanaanika nguo, wanaitana, wanaishi, na mimi nimejifunga kwangu kama mtu anadaiwa. Na simu haitulii! "Mmefika?" "Tuonyeshe bahari!" Nikatafuta picha kwa mtandao, bahari ya buluu mchanga mweupe, nikaituma kwa kikundi nikaandika, "Tumefika salama, Mungu ni mwema." Amina zikashuka kama mvua. Shiru akachungulia akaniambia, "Mami, hiyo picha iko na mnazi na Mzungu." Nilikuwa sijamwona Mzungu.

Mchana Tevin akashindwa kuvumilia. Alilia akitaka bahari, kilio cha kuinua paa, na mimi kwa hofu ya kusikika nikaona afadhali bahari. Tukajaza lile beseni kubwa la kufulia, tukaliweka bafuni, tukamvalisha kaptura yake ya kuogelea na maboya ya mikono, na alipokataa kuingia peke yake tukavaa sote. Baba Shiru na kaptura ya maua, mimi na dera yangu mpya na kofia pana na miwani ya jua, ndani ya bafu isiyo na dirisha. Tevin akafurahi. Na furaha ya mtoto haina sauti ya chini. "Wimbi! Lingine! Baba, wimbi!"

Simu yangu ikalia. Nilikuwa nimeiacha kwa meza ya sebule, na ilikuwa inalia kwa nguvu zake zote. Nikaikimbilia, nikateleza, nikaishika. Mama Njeri.

"Mama Shiru," alikuwa ananong'ona, "kuna watu kwa nyumba yako."

"Hapana," nikanong'ona pia.

"Nawasikia! Wanaoga! Tena mmoja simu yake inalia kama yako."

Hapo ningesema. Jamani, hapo mlango ulikuwa wazi, ningesema tu Mama Njeri ni sisi, tumeachwa na ndege, kuja tunywe chai. Badala yake nikasema, "Pengine ni upepo."

"Upepo gani unaitana baba? Wewe starehe na watoto. Hii wacha nishughulikie." Akakata.

Baada ya muda mfupi nikasikia miguu nje ya mlango, mingi, na sauti nilizozijua moja moja. Kikundi cha akina mama wa kanisa kilikuwa na mkutano kwa Mama Njeri siku hiyo (nilijua, mimi ndiye mweka hazina). Keateka alikuwa hapo, na nyuma yao fundi wa kuchomelea milango kutoka barabarani, na mashine yake ya kukata chuma. Baba Shiru akasema, "Imetosha, mimi nafungua," akachukua ufunguo, akapitisha mkono kwa kale katundu kutafuta kufuli.

"Mkono! Mkono wa mwizi huu hapa!"

Nikasikia kishindo kimoja, na Baba Shiru akatoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa miaka yote ya ndoa. Ufunguo ukaanguka nje. Nikapiga kelele, "Ni sisi! Ni mimi Mama Shiru!" lakini mashine ilikuwa imeshaanza kukata, ikameza sauti yangu yote, cheche zinaingia ndani mpaka kwa kochi, watoto wamenishika dera, na mimi nalia, "Ni mimi! Ni mimi!" kwa mlango usiosikia.

Mlango ukafunguka. Wa kwanza kuingia alikuwa Mama Njeri, ameshika mwiko wa ugali kwa mikono yote miwili, na nyuma yake kanisa. Wakatukuta tumesimama kwa mstari. Kofia. Miwani. Kaptura ya maua. Tevin na maboya yake, maji yanamchuruzika. Tevin ndiye alitangulia, akasema kwa heshima, "Shikamooni," kwa sababu tulikuwa tumemfundisha kwamba Lamu watu wanasalimiana hivyo.

Hapo nyumba ikapasuka. Keateka alikaa chini kwa ngazi akipiga sakafu. Mwenyekiti wetu alicheka mpaka akavua viatu. Hata fundi alizima mashine aje aone vizuri. Mtu mmoja tu ndiye hakucheka. Mama Njeri aliniangalia, akaangalia mkono wa Baba Shiru uliokuwa unavimba, akaweka mwiko kwa meza, akatoka. Nilitamani angenipiga mimi pia.

Jumapili alfajiri tukawa tena na masanduku, lakini mlango sasa ulikuwa na shimo mahali pa kufuli, na fundi alisema siku ya Bwana hafanyi kazi. Nikamwambia Baba Shiru tusiende, nyumba haiwezi kubaki wazi. Tukiwa tumesimama hivyo, Mama Njeri akaingia na blanketi lake na chupa ya chai, akapita katikati yetu kama hatupo, akakaa kwa kochi, akajifunika miguu.

"Nendeni," akasema. "Mtachelewa tena."

Bahari nimeiona. Ni kubwa, inapumua, Tevin aliikimbilia akapiga magoti akaionja. Baba Shiru aliingia mpaka kifuani akiinua mkono wake wenye bandeji juu ya maji kama mtu anayeuliza swali darasani. Lakini mimi nilikaa mchangani situlii, nikichimba mchanga na vidole, kila saa nachukua simu. Nikimpigia Mama Njeri anasema, "Nyumba iko sawa," anakata.

Tuliporudi nilienda kwake na zawadi ya halua, nikapiga magoti kabisa. Hakuniambia niinuke. Akasema polepole, "Unajua nilikuwa naogopa? Nilijua wakiwa na kisu ni mimi wa kwanza. Na wewe, Mama Shiru, ulikuwa hapo ndani unanisikia."

Alikula halua, lakini ilichukua muda kabla ya kuniita tena kwa mlango akiomba chumvi, na siku aliponiita nilimpelekea pakiti nzima.

Kwa hivyo mkiniona siku hizi nimeachwa na basi, nimekosa kazi, nimeunguza keki ya watu, chochote kile, mtaniona narudi mchana kweupe, katikati ya ploti, watu wakiangalia. Kabla hata ya kufika kwangu nabisha kwa Mama Njeri, namwambia ile aibu yote vile ilivyo. Ananicheka kwanza, anacheka vizuri sana, ndio anasogeza kiti.