Kompyuta ya Jalalani

Ofisini kwetu Karatu walitutangazia habari njema: kuanzia mwaka ujao barua zote zingepigwa kwa kompyuta, na mpiga chapa atakayeshindwa mtihani angeagwa kwa chai na maandazi. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, kumi na saba kati ya hiyo nimeimalizia kwenye taipureta, na watoto wawili wako sekondari. Mafunzo? Hayo yalikuwa Arusha, kwa wenye nauli na waume wavumilivu.

Bahati yangu ilikuwa jalalani. Nyuma ya loji moja, njia ya kwenda geti la Ngorongoro, palikuwa na shimo la taka, nami nilikwenda pale kila Jumamosi kuokota chupa za kuwekea mafuta ya kula. Naona haya kidogo kusema, lakini si sana. Siku hiyo nyani walikuwa wameikalia skrini ya kompyuta, mmoja kashika kibodi, sijui yeye mtihani wake ulikuwa lini.

Mlinzi wa loji aliwafukuza kwa mawe. "Mama, hiyo imekufa," akaniambia. "Wazungu hawatupi kitu kizima."

"Hata mimi ofisini wanasema nimekufa. Nisaidie kuifunga kwenye kanga, na kibodi yake."

Kulikuwa na sanduku la chuma pia. Nikaliacha. Nilijua fika ni stablaiza, kama ile ya friji ya bosi, na chumba nilichopanga hakikuwa na umeme wa kulindwa. Wiki moja baadaye mpangaji mwenzangu, dereva wa watalii aliyejua kila kitu isipokuwa zamu yake ya kufagia uwanja, akanitazama kwa huruma.

"Mama, kompyuta yenyewe ni lile sanduku. Hii ni skrini tu."

Nilirudi mbio. Mlinzi akasema limeshakwenda Endabash, kwa mtu aliyetaka kuku wake waatamie humo.

Basi nikafanya mazoezi na nilichokuwa nacho. Kila jioni niliketi mbele ya kioo cheusi nikapiga barua: Ndugu Mkurugenzi, Yah: Maombi ya Likizo. Herufi zilikaa palepale zilipokaa kwenye taipureta, na hilo likanipa kiburi. Tatizo lilikuwa mkono wa kushoto. Kila mstari ulipoisha uliinuka wenyewe kutafuta kile kichuma cha kurudisha karatasi mwanzo, ukikikosa unaisukuma skrini. Ikabidi niiegemeze ukutani.

Siku ya mtihani tulikuwa watatu: mimi na wasichana wawili wenye vyeti vilivyotiwa plastiki. Afisa, kijana ambaye ningeweza kumzaa, akatugawia barua ya kunakili na kusema tuanze. Wasichana wakainama chini ya meza, nikadhani wanakaza viatu. Kisha wakaanza kudonoa kwa kidole kimoja kimoja. Mimi nilishuka na ile barua kama lori lililokatika breki kwenye mteremko wa Mto wa Mbu. Skrini ilisogea kila mstari. Afisa akaiangalia kwa nyuma, kutoka mezani kwake. Nikamaliza wa kwanza, nikakunja mikono na kuwatazama wenzangu kwa masikitiko ya bandia.

Afisa akaja akasimama nyuma yangu.

"Mama," akasema taratibu, "hujaiwasha."

Maneno ya kejeli ninayo mengi, hata mume wangu ni shahidi. Siku hiyo nililipata moja tu.

"Sijawahi kuiona ikiwaka, mwanangu."

Nilitaka iwe mzaha. Hakuna aliyecheka. Kuchekwa nilikuwa nimejiandaa. Kuhurumiwa sikuwa nimejiandaa hata kidogo. Akainama, akabonyeza kitu huko chini, akaniambia nianze upya maana muda bado upo. Barua ya pili niliipiga ikionekana, herufi kwa herufi, na kwa machozi yale sikuweza kuisoma hata moja.